Msumari wa Kumi na Mbili

Naomba niliseme hili mapema, kabla hujakutana na mtu wa mtaani kwetu akakusimulia kwa namna yake: taa iliwaka. Wenzangu wakiieleza habari hii huruka moja kwa moja hadi kwenye achari, wakagongana mikono kwa kicheko, na hakuna anayekumbuka taa. Iliwaka. Ninao mashahidi kumi na saba, ingawa mkubwa wao alikuwa darasa la tano.

Mambo yalianza Ijumaa jioni hapa Tanga, mwanangu mkubwa aliporudi shule na kuniuliza kama ni kweli limau lina umeme. Mwalimu wao wa sayansi aliwaambia, ila hakuwaonesha. Baba mwenye akili zake angemjibu, "Kamuulize tena mwalimu wako." Mimi nikamwambia, "Kesho nawasha taa kwa malimau. Waite na wenzako."

Jeuri hiyo ilitoka mbali. Nimekulia kwenye nyumba ya redio ya betri, mawe kama tulivyoyaita, na mawe yakiishiwa nguvu katikati ya taarifa ya habari hatukuyatupa. Tuliyaanika juu ya bati kutwa nzima, jioni yakapata pumzi ya kumalizia taarifa. Yakigoma, babu aliyang'ata ubavuni. Mwanikaji mkuu nilikuwa mimi, na tangu siku hizo nikajihesabu mtu wa umeme.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikwenda Pongwe kumjulia hali shangazi yake. Uani aliacha ungo wenye malimau arobaini. Yeye hutengeneza achari ya kuuza: huyachanja malimau msalaba kwa upande mmoja bila kuyatenganisha, huyashindilia chumvi, huyaanika, kisha yanaingia pilipili na makorokoro mengine ambayo mimi siambiwi. Wakati anafunga mtandio mlangoni aliniambia, "Baba, hayo malimau uyaangalie, kuku wasije wakayapindua."

Nikayaangalia.

Vifaa nilikuwa navyo. Misumari ya bati ilibaki tulipoezeka jiko, na msumari wa bati ndio unaotakiwa, kwa sababu umepakwa zinki. Shaba nilipata kwenye vipande vya waya vilivyoachwa na fundi wa umeme, na vilipopungua nikafungua kopo la marehemu babu lenye zile senti tano za zamani, zenye pembe kumi na mbili, samaki upande mmoja na kichwa cha Mwalimu upande wa pili. Unalibingirisha limau mezani hadi lilainike ndani, unachomeka msumari huku na shaba kule, visigusane. Halafu shaba ya limau hili unaiunga na msumari wa limau linalofuata, na kuendelea. Mimi niliunga kwa waya wa spika na kubana kwa vibanio vya nguo.

Tatizo la misumari ya bati ni kile kichwa chake cha mwavuli. Malimau yakikaa karibu karibu, miavuli inagusana na hesabu yote inaharibika. Kwa hiyo nikachukua koleo nikakata vichwa vya misumari minne. Kishike hicho.

Kufikia saa nne uani hapakuwa na pa kukanyaga. Watoto wa mtaa mzima walikuja, wawili wakiwa wamebeba wadogo zao mgongoni, na mmoja akiwa na chupa ya ubuyu anauza. Nikaanza na hotuba. Niliwaeleza habari za Volta, Mwitaliano, aliyepanga vipande vya fedha na zinki na kutia katikati yake vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata betri ya kwanza duniani mwaka 1800, na ndiye tuliyemkopa jina la volti. Ningeishia hapo ingekuwa heri. Nikaongeza kwamba kabla yake kulikuwa na mwenzake, Galvani, aliyeona mguu wa chura aliyekwisha kufa ukirusha teke ulipoguswa na madini mawili tofauti. Watoto wanne wakaondoka mbio kwenda mtaroni kutafuta chura. Walirudi naye, mzima, mnene kama andazi, na muda wote uliobaki wa somo niliwaona wakimtazama kwa matumaini.

Balbu niliichomoa kwenye tochi ya betri mbili. Hesabu yangu ilikuwa hivi: betri mbili ni volti tatu, limau moja ni kama nukta tisa, malimau manne yanatosha na chenji inabaki. Nikaunga manne. Nikagusisha waya kwenye balbu.

Kimya.

"Subirini ipate moto," nikasema, kama mtu mwenye pikipiki mbovu.

Nikaongeza malimau yakawa manane. Balbu ikanitazama. Nikaongeza yakawa kumi na mawili, mstari umezunguka meza nzima, vibanio vya nguo vimesimama kama kuku waliolowa mvua. Hakuna kitu. Binti mmoja akawauliza wenzake, tena kwa adabu kabisa, kama mchezo umekwisha. Chura alilia mara moja. Kitindamimba wangu, wa miaka minne, ambaye nilimpa limau moja alichore macho na mdomo kwa kalamu ili akae kimya, akaja kunifariji. "Baba, labda yamelala."

Hapo ndipo fundi simu wa kona alipochungulia ukutani kuona ni mkutano wa chama gani. Ni kijana mdogo, namzidi miaka ishirini, na ananiita "mshua" kwa sauti ambayo sijawahi kuwa na uhakika nayo. Alikwenda kuleta mita yake, akagusa ncha za mstari wangu.

"Kumi na nukta saba," akasema.

Nikawageukia watoto. "Mmesikia? Volti kumi!"

"Tulia, mshua. Sasa rudisha balbu."

Nikarudisha. Mshale wa mita ukaporomoka hadi chini, ukalala.

"Volti unazo," fundi akasema, "mkondo huna. Wewe ni kama mtu aliyepewa cheo bila mshahara." Akatueleza, na nakiri alieleza vizuri kuliko mimi: balbu ya tochi ni mlafi, inataka kama miliampia 300, na limau moja halitoi hata miliampia moja. Kuongeza malimau kwenye mstari kunaongeza volti tu. Ili balbu ile iwake ungehitaji mamia ya mistari ya namna hiyo, ubavu kwa ubavu, yaani ukasimamishe lori la machungwa kutoka Muheza na kuliunganisha lote. Watoto wakachangamka kupita kiasi. Nikawaambia lori hapana.

Fundi akatoa mfukoni kiberiti cha gesi, vile vyenye kitochi kitakoni, akakifumua kwa kucha na kutoa kitaa cha LED kidogo kuliko punje ya hindi. Hicho, alisema, kinaridhika na mkondo wa kulambishwa. Tukakiunga. Hakikuwaka. Nilifurahi kidogo, nisifiche. Kisha akakigeuza, maana kina mguu mrefu na mguu mfupi, na ule mrefu sharti uende upande wa shaba. Juani hatukuona kitu. Tukaingia ndani sote, watu kumi na tisa na chura, tukafunga mlango na madirisha, tukajifunika khanga mbili kichwani juu ya meza.

Kiliwaka. Kama kimulimuli anayesinzia, lakini kiliwaka, cheupe kinachoelekea bluu, na kwa mwanga wake niliona pua ya mwanangu mkubwa. Hakusema neno. Akaweka kidole karibu yake kana kwamba anaota moto.

Basi ningependa hadithi iishie chini ya zile khanga.

Fundi alipokuwa anaondoka alitupa neno la mwisho: "Hayo malimau msile. Umeme hautoki kwenye limau, unatoka kwenye zinki. Inayeyuka, inaingia mle ndani. Limau ni njia tu." Akaenda zake, nami nikabaki na malimau kumi na mawili ya mke wangu yaliyotobolewa kama kichujio cha tui, na saa moja kabla hajarudi.

Sikufikiri sana. Nikang'oa misumari, nikatupa malimau shimoni, nikamtuma mkubwa sokoni akanunue mengine kumi na mawili, nikayapanga kwenye ungo kwa mkono wa kisanii. Katika haraka ile nilihesabu misumari ikawa kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Kumi na mmoja. Nikasema mmoja utakuwa umeanguka mchangani, nitautafuta kesho kwa sumaku. Malimau niliyoyatupa sikuyahesabu.

Mke wangu alirudi, akasalimia, akavua mtandio, akaenda uani. Alikaa kimya muda mrefu.

"Baba watoto."

"Naam."

"Mimi nilinunua malimau arobaini."

"Ndiyo."

"Hapa pana arobaini na moja. Yamezaa?"

Nimewahi kusimama mbele ya trafiki sina leseni. Haikuwa kama ile. Nikamwambia pengine muuzaji alimpa nyongeza. Akanitazama jinsi anavyomtazama samaki anayeambiwa ni wa leo. Lakini limau moja zaidi si kosa ambalo mtu anaweza kushitakiwa nalo, na achari ikaendelea: chumvi, jua, pilipili, chupa. Chupa zilipojaa, moja ikaenda kwa Mzee wa nyumba yenye mwarobaini, mteja wa tangu zamani, ambaye hawezi kula muhogo wa nazi bila achari ya mke wangu.

Ilipita kama wiki tatu. Jioni moja nimekaa barazani, mjukuu wa Mzee akaja na chupa ya achari, nusu, na kitu kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Akampa mke wangu. Mke wangu akafungua. Ulikuwa msumari. Hauna kichwa. Ule mng'ao wake wote wa zinki ulikuwa umeliwa, umebaki chuma cheusi, chembamba, kama kijiti cha udi kilichokwisha kuungua. Kama ulihitaji kuona kwa macho yako umeme wa limau unatoka wapi, ulikuwa pale. Bahati nzuri Mzee hula achari kwa kuichambua kwanza kwa vidole, nyuzi nyuzi, mtindo wa watu wenye meno machache na subira nyingi.

Mke wangu hakunigombeza. Alimwita kitindamimba, kwa sababu ndani ya nyumba hii ni yeye peke yake asiyejua kudanganya.

"Huu unaujua?"

"Ni wa limau langu," mtoto akasema, kwa furaha ya kuona ndugu aliyepotea. "Lile la macho. Baba alikuwa anatupa wenzake, mimi nikalirudisha kwenye ungo lilale na ndugu zake. Nikausukuma msumari uingie ndani kabisa ili lisijikune."

Nikatoa hotuba yangu ya pili ya sayansi, fupi kuliko ya kwanza, na hadhira yake ilikuwa mtu mmoja aliyeshika mwiko. Mwisho wake ulikuwa kwamba chupa zote za safari ile zingerudishwa, nizunguke nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe, nieleze mwenyewe, na gharama ya malimau arobaini mapya itoke kwenye mfuko wangu. Naomba ieleweke kwamba ni vigumu sana kumweleza mteja kwa nini unamnyang'anya achari bila kumtaja Volta. Nilijaribu. Nyumba ya tatu walidhani nimeanza kuhubiri.

Kwa Mzee nilikwenda mwisho, na chupa mpya kwapani. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, sahani ya muhogo mbele yake, mjukuu pembeni anamsomea kitu kwenye simu. Nikapiga shikamoo hadi nikakaribia kugusa ardhi. Nikamwomba radhi, nikamweleza kisa chote, limau lenye macho, misumari, fundi, khanga. Alinisikiliza amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Kwa hiyo watoto waliambiwa taa itawaka," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ikawaka?"

Nilikuwa nimezunguka nyumba tisa, na hakuna mtu mwingine aliyeniuliza swali hilo.

"Iliwaka, Mzee. Wallahi iliwaka."

Akafungua chupa mpya, akainusa, akachagua limau moja na kuanza kulichambua kwa vidole, polepole, ubavu mmoja hadi mwingine, bila kuniondolea macho.