Aliyeshika paja si mdekaji

Ligi ikishachanganya, mabishano ni yale yale, kuanzia vijiwe vya Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya mpaka Miyomboni kule Iringa: wachezaji wa siku hizi ni laini. Winga anatimua mbio kuufuata mpira mrefu, anasimama ghafla, anashika nyuma ya paja, anaketi. Mechi mbili zinapita hayupo. Ya tatu anaonekana mjini anatembea vizuri tu, na hapo ndipo hukumu inapotoka: anadeka, anakula mshahara wa bure.

Wanaosema hivyo hawasemi kwa chuki, na hoja yao ina mizizi. Wanakumbuka Tukuyu Stars, timu ya Rungwe iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 bila kuwa na msafara wa wataalamu nyuma ya benchi. Wanakumbuka Mbeya City ya Juma Mwambusi iliyopanda na kumaliza ya tatu msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikikimbiza watu mpaka filimbi ya mwisho. Wanasema mtu aliyekulia milimani, aliyepanda na kushuka na mzigo tangu utoto, miguu yake haifanani na ya kijana aliyelelewa kwenye kiti cha bodaboda.

Katika hilo wataalamu wa michezo wako upande wao kuliko wanavyodhani. Mwili uliozoea mazoezi magumu, yakipandishwa kidogo kidogo kwa miezi, unahimili mengi. Kinachovunja ni kuruka kutoka mazoezi haba hadi mazito ndani ya wiki mbili, jambo linalowapata wachezaji wengi wanaofika kambini wamechelewa. Na kulala kitandani kusubiri jeraha lipone siyo tiba. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Denmark kwa wanamichezo wa ridhaa waliochanika misuli ya paja au ya shavu la mguu. Walioanza mazoezi mepesi ya tiba siku 2 baada ya kuumia walirudi mchezoni baada ya takribani siku 62. Waliosubiri siku 9 ndipo waanze, baada ya siku 83. Mzee anayesema "mwamshe afanye mazoezi" hajakosea.

Ila tazama tena hiyo 62. Hao ndio waliowahi. Ni miezi miwili, siyo wiki mbili.

Kuhusu wakongwe nina jambo moja la kusema, nalisema kwa heshima. Tunaowakumbuka ni waliodumu. Aliyechanika msuli akiwa na miaka 21, akachuliwa, akarudishwa, akachanika tena, kisha akarudi zake Kyela kulima kokoa, hatumhesabu. Hakuna aliyemwandika. Hatuwezi kupima uimara wa kizazi kwa kuwatazama walionusurika peke yao.

Halafu mpira wenyewe umebadilika. Uchambuzi wa Ligi Kuu ya Uingereza kati ya msimu wa 2006/07 na 2012/13 ulionyesha kwamba jumla ya umbali anaokimbia mchezaji kwenye mechi ilibaki karibu ile ile, lakini umbali wa mbio za kasi kali uliongezeka kwa asilimia 35 ndani ya misimu saba. Huku kwetu nako mwelekeo unaonekana kwa macho: beki wa pembeni anapanda kama winga, winga anashuka kama beki, na kila mpira ukipotea kocha anataka watu wakimbie kuunyang'anya hapo hapo. Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kijana aliyezaliwa hapa ana pumzi ambayo mgeni kutoka Dar es Salaam anaitamani ikifika dakika ya 70. Lakini pumzi haiilindi nyama ya paja. Inaweza hata kumruhusu kukimbia mbio nyingine ambayo msuli wake tayari umeikataa.

Ni vizuri kujua paja linachanika vipi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapomdhulumu mchezaji. Mara nyingi hakuna aliyemgusa. Yuko kwenye kasi ya juu kabisa, mguu umetupwa mbele, goti linanyooka, na kabla unyayo haujagusa nyasi misuli ya nyuma ya paja inabidi iufungie mguu breki. Yaani inavutwa irefuke wakati huo huo inakaza. Hapo ndipo nyuzi zinapokatika, hasa za ule msuli wa upande wa nje. Jukwaani hatuoni kiatu cha adui wala damu, tunaona mtu mzima amesimama kwa hiari yake. Ndiyo maana tunamwita mdekaji. Aliyevunjwa enka na beki tunampigia makofi akitolewa kwa machela. Aliyechanika paja tunamzomea.

Sasa nije kwenye takwimu ambayo kwangu ndiyo kiini cha mjadala huu. Tangu 2001 UEFA imekuwa ikifuatilia majeraha ya klabu kubwa za Ulaya katika utafiti unaoongozwa na Profesa Jan Ekstrand wa Sweden. Msimu wa kwanza, jeraha la misuli ya nyuma ya paja lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 lilifika asilimia 24. Limeongezeka mara mbili, na hizo ni klabu zenye madaktari, mashine za kupima kila kitu na nyasi zinazotunzwa kuliko maua ya ikulu. Kama ulaini ndio sababu, basi nusu ya Ulaya ni laini.

Ila kinachonikosesha usingizi siyo hiyo 24. Ni kwamba katika takwimu hizo hizo, karibu jeraha moja kati ya matano, asilimia 18, lilikuwa la kurudia pale pale lilipokuwa. Na kati ya hayo ya kurudia, asilimia 69 yalitokea ndani ya miezi miwili tangu mchezaji aruhusiwe kurudi uwanjani.

Miezi miwili tangu kurudi, siyo tangu kuumia. Chukua winga wa timu ya Mbeya aliyechanika mwanzoni mwa Oktoba. Anakaa wiki tano, anarudi katikati ya Novemba. Daktari ameridhika, kocha ameridhika, yeye mwenyewe anacheka. Kwa hesabu ya Ekstrand, kuanzia siku hiyo ndipo kipindi cha hatari kinapoanza, na kinakwenda mpaka katikati ya Januari, wakati mvua imeshaufanya uwanja mzito na ratiba imebana. Hata aliyesubiri wiki zake zote hajavuka. Je, aliyerudishwa wiki ya pili kwa sababu Jumamosi kuna Simba au Yanga?

Sababu yake haina uchawi. Maumivu huondoka kabla nguvu haijarudi. Mtu anatembea bila shida, anakimbia taratibu bila shida, anapiga pasi bila shida, na yote hayo hayaugusi ule ukanda wa kasi ya juu ambako jeraha lilitokea. Mwili nao unajilinda: anafupisha hatua ya mguu mmoja bila kujua, mzigo unahamia kwenye nyonga au kwenye paja la pili. Ukimwona mjini anatembea vizuri, umeona kitu cha kweli kisichothibitisha lolote. Kipimo kinachomfaa hakihitaji mashine. Alale chali, anyanyue mguu mmoja ulionyooka kisha mwingine, vilingane bila kusita. Kisha akimbie kasi kamili mara kadhaa, leo na kesho, na kesho kutwa aulizwe anajisikiaje. Akisita kwenye lolote, bado.

Saa za mwanzo nazo zina habari yake, maana makosa mengi huanzia hapo. Nimeona kwenye viwanja vya mazoezi: kijana ametoka anachechemea, analazwa kifudifudi kwenye nyasi, maji ya moto yanaletwa kwenye ndoo, taulo linakandwa juu ya paja, dawa ya kuchua inapakwa, na mikono miwili yenye nguvu inaanza kusukuma nyama kuelekea juu huku yeye ameuma fulana. Wanaofanya hivyo wanampenda. Lakini ndani ya msuli uliochanika kuna mishipa inayovuja damu, na joto pamoja na kukanda kwa nguvu vinaongeza kuvuja. Siku mbili za kwanza paja linataka bandeji ya kubana, kunyanyuliwa, kupoozwa kwa barafu kama maumivu ni makali, na kuachwa bila kuchuliwa. Mchua misuli ana kazi kubwa kwenye timu, ila zamu yake kwenye jeraha la namna hii haiko saa ile.

Kocha naye anastahili kusikilizwa, maana ni rahisi kumfanya adui. Klabu nyingi za nyanda hizi haziwezi kusajili mbadala wa maana kwa kila nafasi. Winga mmoja akiumia, anayeingia ni kijana asiye na uzoefu au beki aliyesogezwa mbele. Matokeo mabaya matatu mfululizo yanamfukuzisha kocha, na Iringa haijasahau jinsi timu yao ya Lipuli ilivyoshuka daraja mwaka 2020, mwaka mmoja tu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Azam. Kwa mtu aliye kwenye kiti hicho, neno la daktari kwamba "bado siku kumi" linasikika kama anasa ya watu wenye vikosi vya watu thelathini.

Namwelewa kabisa, na bado naona hesabu yake inamgeuka. Klabu yenye kikosi kipana ikimharakisha mtu akaumia tena, inapoteza mtu. Klabu yenye kikosi chembamba inapoteza msimu. Ligi yenye timu 16 ni mechi 30. Ukimpumzisha winga mechi mbili zaidi umetoa mbili, akirudia kuchanika unaweza kutoa nane au kumi, na jeraha la kurudia huchukua muda mrefu kuliko la kwanza. Mwenye uwezo mdogo ndiye asiyeweza kumudu haraka.

Ongeza safari. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na basi la timu linapanda na kushuka Kitonga kama mabasi mengine. Takwimu za Ulaya zinaonyesha majeraha ya misuli yanaongezeka pale timu inapopata siku chache kati ya mechi na mechi. Timu yetu ikicheza Jumamosi Sokoine na Jumatano Dar, siku nzima moja kati ya zile chache inaliwa barabarani, magoti yamekunjwa. Wapanga ratiba wangeweza kulifikiria hili zaidi kuliko wanavyofanya sasa.

Baridi nayo ina nafasi yake, ingawa wengi huitupia lawama kubwa mno. Maandalizi ya msimu huangukia Julai na Agosti, na asubuhi za Mbeya au Njombe kipindi hicho misuli inahitaji muda mrefu zaidi kupata joto. Basi wapewe muda huo.

Na hapa kuna habari njema ambayo hainukuliwi vya kutosha. FIFA ina utaratibu wa kupasha misuli joto unaoitwa 11+, wa kama dakika 20, usiohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Ulijaribiwa kwa wachezaji vijana wa Lagos, Nigeria, siyo Ulaya, na matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41. Ndani yake kuna zoezi moja linalolilenga paja lenyewe. Unapiga magoti kwenye nyasi, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, mgongo umenyooka, kisha unaanguka mbele polepole kadiri unavyoweza, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja peke yake mpaka mikono ikupokee. Ni breki ile ile ya kwenye mbio, inafunzwa bila mbio. Denmark walilijaribu kwa wachezaji zaidi ya 900, majeraha mapya ya paja yakapungua kwa zaidi ya nusu, na ya kurudia yakapungua zaidi ya hapo.

Kwa nini basi timu nyingi, hata za Ulaya, hazilifanyi ipasavyo? Kwa sababu wiki ya kwanza linauma. Kesho yake kikosi kizima kinashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, na kocha mwenye mechi keshokutwa anasema hapana. Likianzishwa kambini kwa marudio machache, mbali na siku ya mechi, maumivu hayo yanaisha na faida inabaki.

Linabaki la nani aseme neno la mwisho. Ekstrand na wenzake waligundua pia kwamba klabu ambazo daktari na kocha mkuu wanazungumza vizuri hupata majeraha machache kuliko zile ambazo hawaelewani. Mimi ningeenda mbele zaidi: daktari akisema bado, kocha asiwe na uwezo wa kumpanga, na jambo hilo liandikwe kabla msimu haujaanza, siyo lijadiliwe kwenye vyumba vya kubadilishia nguo saa tisa alasiri. Daktari huyo naye asiwe mtu ambaye ajira yake iko mikononi mwa kocha.

Yupo mmoja ambaye hata utaratibu huo haumfikii: kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja ambaye anaificha nyama yake kwa sababu akikaa nje posho inakatwa na nafasi inakwenda. Huyo anajipuliza dawa ya ganzi chooni, anaingia, anamaliza dakika 60 akisema ni uchovu. Kumwambia awe mkweli ni bure mpaka mkataba wake useme kwamba akiumia kazini atalipwa chake chote na kutibiwa kwa gharama ya klabu mpaka apone. Viongozi wa klabu zetu waanzie kwenye karatasi hiyo.