Sifa za bure klabuni

Jamani wapiga picha wenzangu wa Bagamoyo, hizi "kali sana, mkuu" zinanichosha! Mtu analeta picha ya soko la samaki, mstari wa upeo umelala upande kama bahari inataka kumwagikia nchi kavu, watu wote "moto!" Hakuna wa kumwambia anyooshe, wala kwamba shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/30 ya sekunde ni ya polepole mno kwa mchuuzi anayekimbia na tenga, ndiyo maana miguu imekuwa ukungu. Ukithubutu kusema, eti una wivu.

Halafu kuna bingwa wa "mbaya tu." Mbaya wapi? Anachezea simu. Juzi kasifia "machweo" ya baharini. Bagamoyo hii hii! Jua letu linachomoza baharini, linazama huko tangu lini?