Bango la siku bila ajali linahesabu nini?

Kwenye malango ya viwanda na maeneo mengi ya ujenzi huwekwa bango: siku 212 bila ajali. Lengo likifikiwa, wafanyakazi hugawiwa bonasi. Mtu akiumia, hesabu inarudi sifuri. Sera hii ina watetezi wa dhati na wapinzani wa dhati, na wote wana hoja za kusikilizwa.

Watetezi wanasema kisichohesabiwa husahaulika. Mkurugenzi anayeletewa takwimu za uzalishaji kila asubuhi hataupa usalama uzito uleule mpaka nao uwe na namba yake. Isitoshe, kiwango cha majeruhi ndicho kinachowezesha kulinganisha wakandarasi: idadi ya walioumia huzidishwa kwa 200,000, kisha hugawanywa kwa saa zote zilizofanywa kazi. Hiyo 200,000 ni saa za watu 100, kila mmoja saa 40 kwa wiki, kwa wiki 50. Bila kipimo cha namna hii, kila kampuni ingebaki kujisifu tu.

Kasoro ya kwanza ni udogo wa namba zenyewe. Chukua karakana ya watu 50 ambayo, kwa hali yake ilivyo, huumiza mtu mmoja kwa mwaka kwa wastani. Kwa hesabu ya uwezekano, karakana hiyo ina nafasi ya asilimia 37 ya kumaliza mwaka bila majeruhi, hata kama haikukazwa skrubu moja. Kwa miezi sita nafasi hiyo ni asilimia 61. Kwa hiyo bonasi ya nusu mwaka mara nyingi hulipia bahati. Akiumia mtu mmoja, kiwango, kwa hesabu ile ya saa 200,000, kinaruka kutoka 0 hadi 2 bila mashine wala utaratibu wowote kubadilika.

Kasoro ya pili ni kuficha. Bonasi ikiwa ya kikundi, aliyejikata kidole anajua kwamba akienda zahanati wenzake 30 watakosa fedha. Hahitaji kutishwa na mtu. Atafunga kitambaa na kuendelea. Wasimamizi nao wana njia yao: aliyeteguka mguu hufuatwa nyumbani kwa gari na kukalishwa ofisini apange karatasi, ili isihesabiwe kwamba amekosa siku ya kazi. Kazi nyepesi humsaidia anayepona pale daktari anapoiruhusu. Ikipangwa kwa ajili ya bango, ni kughushi rekodi.

Lakini kasoro nzito kuliko zote ni ya tatu. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, mtaalamu wa usalama kazini wa Marekani, alieneza uwiano wa 1, 29 na 300: kwa kila ajali kubwa kuna 29 ndogo na matukio 300 yasiyojeruhi. Wengi wakahitimisha kuwa ukipunguza michubuko, vifo vitapungua vyenyewe. Hilo halifuati, kwa sababu kinachomtelezesha mtu sakafuni sicho kinacholipua mtambo. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi huku kipimo cha ujazo kikisoma vibaya. Watu 15 walikufa. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na James Baker, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, lilieleza mwaka 2007 kwamba kampuni ilikuwa imechukulia kushuka kwa majeraha ya mtu mmojammoja kuwa dalili ya mitambo salama. Na tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulipolipuka na kuua watu 11, viongozi wa kampuni walikuwa juu ya mtambo huo, ambao ulikuwa umetimiza miaka saba bila ajali ya kumkosesha mtu siku ya kazi.

Je, tuhesabu ripoti za hatari badala ya majeruhi? Hapo watetezi wa bango wana jibu zuri: nazo huchezewa. Dai kadi tano za kuripoti hatari kwa kila mtu kila mwezi, utaletewa tano za waya uliolala njiani. Hesabu waliohudhuria mafunzo, utapata sahihi nyingi na ujuzi mdogo.

Kinachofaa zaidi, kwa maoni yetu, ni kukagua kazi ikifanyika. Mfano ni kufunga mashine kabla ya matengenezo: kuwaarifu wahusika, kuizima, kukata umeme kwenye swichi kuu, kila fundi kutia kufuli lake na kadi yenye jina lake, kutoa nguvu iliyobaki (hewa iliyobanwa, springi, mzigo ulioinuliwa), kisha kubonyeza kitufe cha kuwasha ili kuhakikisha haiwaki. Makosa yanajulikana: kufuli moja kwa mafundi watatu, kuzima kitufe cha kuendeshea tu na kuacha swichi kuu, kusahau hewa ndani ya silinda, kuruka jaribio la mwisho. Mkaguzi akitazama kazi kumi kama hizo kwa mwezi, bila kutoa taarifa, ataona mafunzo yameingia au hayakuingia.

Bango lenyewe si lazima ling'olewe. Liandikwe hatari ngapi zimeripotiwa mwezi huu, ngapi zimerekebishwa, na ile iliyosubiri muda mrefu kuliko zote ina siku ngapi. Namba hii ya mwisho iwekwe pembeni ya jina la meneja mwenye bajeti ya kuirekebisha.