"Mjomba, Nina Mchezo Mpya"

Kuna maneno manne nikiyasikia Jumamosi jioni tumbo linanikata: "Mjomba, nina mchezo mpya."

Mpwa wangu huyo. Kamaliza chuo Dar es Salaam, karudi Mtwara kusubiri ajira, na kwenye begi lake, pale ambapo watu wengine huweka nguo, yeye kaweka maboksi. Mimi nilijua viatu. Nikampokea stendi kwa furaha, nikambebea begi mwenyewe mpaka kwenye bajaji, moyoni nasema afadhali, mtoto kamkumbuka mjomba wake. Kumbe nimejitwisha balaa langu kwa mikono yangu.

Mjue kwanza mimi ni nani. Mchana natengeneza mafriji. Jioni nacheza bao. Sisemi ni bingwa, maana baraza letu la Magomeni, hapa hapa Mtwara, lina watu wenye wivu na hawachelewi kunikana, lakini nikikaa mbele ya ubao watoto huacha mpira wakaja kutazama. Bao lina kete 64, za kwangu 32, za kwako 32. Unaanza na 22 mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, mpaka ziishe, ndipo mnaingia mtaji, mnacheza na zilizo ubaoni tu. Hayo yote hakuna aliyenisomea kwenye karatasi. Nilijifunza kwa kufungwa na babu mmoja ambaye kila akinifunga alikuwa ananiuliza kama mama yangu anajua nimetoka nyumbani. Miaka mingapi nimemeza kejeli hizo ili siku moja na mimi nipate wa kumkejeli! Na kwa mila zetu za huku, mpwa ndiye mrithi wa mjomba. Urithi ulishaandaliwa: ubao wa mninga, kete za komwe zimeng'aa kwa jasho la vidole. Mrithi mwenyewe kaja na maboksi.

Tukaanza na UNO. Hiyo sina ugomvi nayo sana, kwa sababu ni lasti kadi iliyovaa suti. Karata 108, rangi nne. Mpwa akasema aliibuni kinyozi mmoja wa Ohio, Marekani, mwaka 1971, na kweli ni kazi ya kinyozi, maana kila ukikaribia kuinuka mtu anakurudisha kwenye kiti. Tatizo likawa babu, yule yule aliyenifunza bao. Sheria inasema ukibakiwa na karata moja utamke "Uno!" Babu anatamka "Lasti kadi!" kama alivyozoea tangu ujana wake. Mpwa anamwambia chota za adhabu, hukutamka. Babu anasema katamka, mpaka msikitini wamesikia. Ilichukua nusu saa kuamua, na aliyeamua ni muuza pweza, ambaye alikuwa hachezi.

Jumamosi iliyofuata, Pandemic. Ni mchezo wa mwaka 2008: magonjwa yanasambaa duniani, nyie wachezaji ni timu moja, mnakimbia mji hadi mji kuyazuia. Mkishinda mmeshinda wote, mkishindwa mmeshindwa wote.

"Kwa hiyo namfunga nani?" babu akauliza.

"Humfungi mtu, babu. Tunapambana na ugonjwa."

"Na nikishinda, namcheka nani?"

"Humcheki mtu."

Babu akachukua bakora yake akasema anawahi Isha. Tulikuwa tumetoka kuswali Magharibi dakika kumi zilizopita.

Halafu ikaja Ticket to Ride, ya kujenga reli. Unakusanya karata za rangi, unapanga vibehewa kutoka mji huu wa Marekani kwenda mji ule. Mpwa anaeleza macho yanamng'aa, mimi namtazama tu. Mtoto huyu kazaliwa mkoa ambao reli ilikuwepo. Waingereza waliileta kwa ajili ya mradi wao wa karanga, baharini hapa mpaka Nachingwea, karanga zikawashinda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Tumebaki na bandari. Sasa leo nikae chini ya mwembe nijenge reli ya plastiki kutoka Chicago kwenda Los Angeles? Nilijenga. Nikashika mkia, lakini nilijenga kwa uchungu.

Yote hayo yalikuwa mvua ya rasharasha. Masika yenyewe yalikuja na Catan.

Catan imetoka Ujerumani mwaka 1995, kaibuni bwana mmoja Klaus Teuber aliyekuwa fundi wa meno ya bandia. Kinyozi, fundi meno. Nikajiuliza kwa nini sisi mafundi friji hatujawahi kubuni mchezo wowote, halafu nikakumbuka kwamba sisi tuna kazi.

"Ni rahisi, mjomba," mpwa akaanza. Mtu akikwambia jambo ni rahisi, shika mfuko wako. Akapanga vigae 19 vya pembe sita, mezani pakawa kama masega ya nyuki. Juu ya vigae, namba. Unarusha dadu mbili, namba ya kigae chako ikitoka unavuna: tofali, mbao, sufu, ngano au mawe ya madini. Kwa tofali na mbao unajenga barabara. Ukiongeza sufu na ngano unajenga kijiji. Ngano mbili na mawe matatu, kijiji kinakuwa mji. Wa kwanza kufika pointi 10 kashinda. Na hapo alikuwa hajafika kwenye bandari, askari, wala barabara ndefu. Fundi cherehani alikuwa keshasinzia. Nilipouliza swali, mpwa akasema, "Tutaliona mbele ya safari, mjomba." Kwenye bao mbele ya safari kuna kulala: kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yako imekwisha. Nikatamani.

Kilichotuokoa ni babu. Akauliza, "Hiyo ngano nani kailima hapa?" Kimya. Akasema ngano haiijui, yeye atacheza na korosho. Tukakubaliana: ngano ni korosho, kondoo wa sufu ni mbuzi. Wallahi, palepale mchezo ukaeleweka, mpaka ukaeleweka kupita kiasi. Muuza pweza alikuwa na kijiji kwenye kigae cha korosho chenye namba 8, na 8 ikawa inatoka kama imelipwa. Ana korosho mpaka anajipepea nazo. Ukimwomba akuuzie moja anatazama juu ya mwembe kama mkulima wa korosho wa huku: "Nasubiri mnada."

Halafu ikatoka saba. Ikitoka saba, mwenye karata zaidi ya saba mkononi anarudisha nusu. Muuza pweza alikuwa nazo 12. "Za nini hizi?" akauliza. Fundi cherehani, aliyekuwa bado amefumba macho, akamjibu, "Makato." Haikuhitajika tafsiri nyingine.

Mimi shida yangu tofali. Nina mbuzi wengi kama natarajia kuoza binti, tofali hata moja. Na mchezo huu ni wa watu wanne, karata zako unazificha. Sasa mfichie nani kwenye baraza la watu tisa? Waliobaki watano wamesimama nyuma yetu, mmoja ananipumulia sikioni, mwingine anatangaza kama mpira wa redioni: "Mjomba hana tofali! Ana mbuzi watano! Msimwonee huruma!" Kwenye bao mtu akikuchungulia haoni kitu, kete zote ziko wazi, ila anaweza kukushauri vibaya tu. Huku nashauriwa vibaya na siri zangu zinauzwa.

Nikaenda benki. Benki inachukua mbuzi wanne inakupa tofali moja.

"Hiyo kangomba!" fundi cherehani akaamka kabisa. Kwa mgeni, kangomba ni yule mnunuzi wa korosho anayekuja mlangoni na bakuli lake kabla ya msimu, wakati una shida ya ada, anapima kwa jicho lake na kulipa kwa huruma yake. Mpwa akajitetea kwamba ndivyo kitabu kinavyosema, na ukijenga kwenye bandari unapata nafuu, tatu kwa moja, pengine hata mbili. Babu akasema haya, bandari tunayo. Lakini ya kwenye ubao alishaiziba muuza pweza.

Na jambazi bado sijamtaja. Kuna kinyago kidogo kinaitwa jambazi. Saba ikitoka, aliyerusha anamhamishia kigae anachotaka, na kigae hicho hakivunwi. Jambazi wa kwenye boksi alipotea siku ileile ya kwanza, nadhani kuku wanajua. Mpwa akaweka mbadala: korosho. Korosho ya kweli, iliyobanguliwa na kukaangwa, kutoka kwenye sahani ya mke wangu. Hiyo ndiyo ikawa jambazi, na mtu yeyote akirusha saba, jambazi anakuja kwangu. Namuuliza babu, "Muuza pweza ana pointi tisa, mimi nne, kwa nini unaniletea mimi?" Anajibu, "Wewe uko karibu na mkono wangu." Zamu nne jambazi kakaa kwenye kigae changu cha mbao, ananitazama. Mafuta yake yamelowanisha msitu.

Muuza pweza akachukua dadu kwa ajili ya pointi yake ya kumi. Akazipuliza. Umeme ukakatika.

Ndiyo, hapahapa Mtwara. Gesi inatoka Msimbati, giza tunalo wenyewe. Watu wakaguna, mtu akakanyaga bakuli la supu ya pweza, watoto wakashangilia kama kawaida yao. Mpwa anapiga kelele, "Msiguse ubao! Msiguse ubao!" Simu yangu ndiyo iliyokuwa na chaji, nikawasha tochi.

Vijiji vipo, barabara zipo. Jambazi hayupo.

Pakazuka kesi. Muuza pweza anasema turushe tu dadu, mpwa anasema haiwezekani, bila jambazi hatujui kigae kipi kimefungwa. Muuza pweza akaapa huyo ni mtu anayeogopa kufungwa, apatikane sasa hivi, kila mtu afungue kinywa amulikwe. Nikamulika mmoja mmoja. Fundi cherehani, safi. Yule mtangazaji, safi, ingawa ana jino linataka daktari. Muuza pweza mwenyewe akajitolea, safi. Babu akakataa katakata, akasema hafungui kinywa mpaka aje yule fundi meno wa Ujerumani. Basi wote wakamgeukia babu, kelele juu ya kelele, yeye kakaza midomo na kushika bakora, na mechi ikavunjikia hapo, muuza pweza na pointi zake tisa.

Katika zogo lote lile hakuna aliyekumbuka kummulika mshika tochi. Ilikuwa na chumvi kidogo.