Pengwini wa Antaktika: Uliza Kwanza Ukubwa wa Meli

Mombasa tumezoea kuwapokea watalii wanaoshuka Kilindini. Sasa wapo wenyeji wanaoulizia safari ya kupanda meli wao wenyewe, hadi Antaktika, na ubishi umeanza: wengine wanaiona ni kuharibu mahali safi pa mwisho duniani, wengine wanasema atakayepaona ndiye atakayepatetea.

Wanaopinga wana ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba masizi yanayotokana na safari ya mgeni mmoja huharakisha kuyeyuka kwa takriban tani 83 za theluji. Msimu wa 2022–23 wageni walipita 100,000. Homa ya ndege nayo ilithibitishwa Antaktika bara mwanzoni mwa 2024. Aliyewahi kuona boti zikiwazonga pomboo kule hifadhi ya bahari ya Kisite hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, kanuni za kule ni kali kuliko za mbuga nyingi. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Hawazidi watu 100 ufukoni kwa wakati mmoja, na humkaribii pengwini chini ya mita 5. Akikujia yeye, unampisha. Ukizama kwenye theluji hadi gotini, unalifukia shimo kabla ya kuondoka, maana pengwini akitumbukia humo huenda asitoke.

Kwa hiyo ukubwa wa meli ndio unaoamua mengi. Yenye abiria 180 huwagawa mafungu mawili: moja linatembea nchi kavu, jingine linazunguka kwa boti za mpira, kisha wanabadilishana. Yenye 400 ina mafungu manne au zaidi, na siku ya upepo fungu la mwisho linaweza kukosa kabisa. Meli kubwa ni nafuu kwa tikiti, ila sehemu kubwa ya unacholipia ni kutazama kupitia kioo.

Hesabu siku pia. Kutoka Ushuaia, Argentina, kuvuka Mlango wa Drake ni kama siku mbili kwenda na mbili kurudi, hivyo safari ya siku 10 inabakiwa na tano hivi za kushuka. Bahari ya pale si kusi la kwetu. Dawa ya kulevywa na bahari inywewe kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Tangawizi peke yake haitoshi. Fika Ushuaia siku moja mapema, kwa kuwa meli haimngojei abiria wala sanduku lililopotea njiani.

Nguo si shida: mitumba ya Kongowea ina sweta za sufu na makoti mazito. Shida ni velkro, kile kifungio cha nguo kinachonatana. Ifunue kwenye taa uone mbegu na nyuzi zilizonasa kwenye vikulabu, uzichomoe kwa sindano moja moja, halafu upige brashi mifuko na mishono. Mbegu za majani ya kigeni zimeshaota Antaktika kwa kubebwa na watu. Wakaguzi wa meli watakurudisha ukasafishe upya, na wana haki.

Kwa anayetaka pengwini tu, ufuo wa Boulders, Simon's Town, Afrika Kusini, unatosha, na kwa maoni yetu ndiko wengi wangeanzia. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, na pengwini unawaona ukiwa juu ya njia ya mbao. Hawa wa Afrika ndio walio hatarini zaidi: mwaka 2024 waliorodheshwa kuwa karibu kutoweka, sababu kubwa ikiwa uhaba wa dagaa wanaowategemea.

Lakini barafu Boulders hakuna, na anayeitamani haridhiki na mbadala. Huyo amuulize wakala mambo matatu kabla ya kulipa arubuni: meli inabeba abiria wangapi, wanashuka mara ngapi kwa siku, na bima ya kumsafirisha mgonjwa kwa ndege inagharamia kiasi gani. Wakala akibabaika kwa la kwanza, tafuta mwingine.