Ndiyo, ni mimi niliyeiamkia feni

Kwa kuwa shemeji ameshalirusha kwenye grupu la ukoo, na chumvi kaitia kwa kiganja, acheni niseme mwenyewe. Kwanza, sikupiga magoti. Nilichuchumaa kidogo tu.

Juzi, Tanga, ukweni, mara ya kwanza kulala pale tangu posa yangu ijibiwe. Mvua, umeme hakuna. Nikaambiwa nenda sebuleni kamwamkie baba, karudi msikitini. Mwanga wenyewe ni wa chemli iliyoko ukumbini, unapenya pembeni ya pazia.

Kwenye kona kasimama mzee. Kanzu nyeupe, kofia ya kiua, macho mawili yanang'aa.

"Shikamoo, baba."

Kimya.

Hapa nisimame nimtetee ubongo wangu, maana kuna mtu ameshaandika "kapime macho". Macho yangu mazima. Ubongo hauhitaji mengi: vitone viwili juu, kitu katikati, kivuli chini, umeshapata mtu. Na una haraka, kama milisekunde 170 hivi tayari umetenga uso na vitu vingine. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake kule Marekani walionyesha kuna kipande cha ubongo, chini kuelekea nyuma, kinachochangamkia nyuso kuliko vitu vingine. Changu nadhani kimevimba. Hata NASA mwaka 1976 walitoa picha iliyopigwa na chombo chao Viking 1, yenye kilima cha sayari ya Mirihi kilichofanana na kichwa cha mtu, kisa jua limeinama na vivuli vimekaa vibaya. Picha kali za 2001 zikaonyesha kilima tu. Wao walikuwa na chombo cha anga za juu. Mimi chemli.

Tuendelee. Nikasema labda mzee hasikii vizuri.

"SHIKAMOO, BABA!"

Kimya. Ananitazama tu. Jasho likaanza. Nikajua hii ni habari ya mahari. Basi nikachuchumaa (kidogo!), nikakutanisha viganja, nikaanza kujieleza: baba, lile salio sijalisahau, kazini wamechelewesha mshahara, na yule mbuzi niliyesema amekufa, kwa kweli nilimuuza.

Ndipo umeme ukarudi.

Taa ya sebuleni swichi ilikuwa imezimwa, kwa hiyo giza likabaki vilevile. Ila mzee akaguna. Mmmm. Kisha kichwa kikaanza kugeuka. Taratibu. Kikaenda kushoto, kikatazama ukuta, kikafikiri. Kikarudi kulia, hakina haraka, shingo imenyooka, mpaka kikanifikia usoni. Kikanipulizia. Kofia ikaruka ikanitua kifuani, na mikono ya kanzu yote miwili ikainuka kunifuata.

Nililia "Mama!" Sauti ilikuwa nyembamba, hilo shemeji hakuongeza.

Kumbe mzee kalowa njiani, kaanika kanzu yake shingoni mwa feni ya kusimama, kofia juu, hakukumbuka kuwa feni ilikuwa imewashwa kabla umeme haujakatika. Na kumbe yuko mlangoni nyuma yangu, na msuli wake, tangu shikamoo ya kwanza.

"Marahaba," akasema. "Huyo mbuzi ulimuuza shilingi ngapi?"

Meza nimeifunga mguu kwa waya, bilauri nitanunua, posa haijavunjika. Mbuzi mwingine anatafutwa, mwenye naye aje inboksi. Na wewe shemeji, ile sauti ya "Mama!" uliyoirekodi, mama mkwe kaifanya mlio wa simu. Ifute.