GPS yangu ilienda Busia ikaniacha barabarani

Hii ilinipata huku kwetu Tororo, Uganda, na mpaka leo kuna watu tukikutana wananiuliza "vipi, vile visima vya sokoni vinatoa maji?" kwa hiyo acha niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanaoongeza chumvi.

Nilikuwa nimepata kibarua cha kuzunguka vijijini kurekodi visima vya pampu viko wapi. Wakanipa GPS ya mkononi, ile ndogo ya njano ya zamani, betri mbili za kawaida, vitufe viko ubavuni. Ukifika kisimani unashikilia kitufe kidogo, ukikibonyeza tena imeshahifadhi alama, inajipa namba yenyewe 001, 002, wewe unaenda zako. Siku ya mafunzo bosi akatuambia zamani Wamarekani walikuwa wanaivuruga ile signali makusudi, mtu anaweza kusomeka hata mita 100 pembeni, wakaacha Mei 2000, siku hizi ni kama mita 15 tu, "kwa hiyo asije mtu akaniletea kisima kwenye paa la kanisa." Tukacheka sana. Kumbe mwenzetu anatabiri.

Sasa usafiri wangu ni baiskeli. Kila njia panda nashuka, natoa mashine mfukoni, naangalia, narudisha, nimechoka. Na ile ya kwangu ukisimama haijui umeelekea wapi, lazima uwe unasogea ndo mshale unakaa sawa, maana yake uiangalie huku unaendesha. Nikasema basi naifunga kwenye usukani. Mzee mmoja jirani akaniangalia navyohangaika akauliza, "Kijana, ukipotea si uangalie mwamba?" Ni kweli Mwamba wa Tororo unauona ukiwa popote, lakini mzee wangu, mwamba hauhifadhi visima.

Nikaenda kwa fundi wa baiskeli pale chini ya mwembe. Hakuuliza maswali mengi, akakata ukanda wa tyubu kuukuu, akauzungusha mara tano kwenye mashine na usukani, akavuta mpaka mpira ukalia. Ilikaa kama imezaliwa pale, ungeweza kuinyanyua baiskeli nzima kwa kushika GPS. Ila si nimesema vitufe viko ubavuni? Mpira unakibana kile cha kuzima. Nawasha, nafunga, inazima. Nawasha, nafunga, inazima. Fundi akasema hiyo si shida, natoboa tundu mpira ukwepe kitufe, shilingi elfu moja. Mimi nikaangalia ile kitu, inafanana na kidole kilichofungwa bendeji, halafu niende nayo kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, nijitambulishe kama mtaalamu? Nikakataa. Nikamlipa ya mpira nikaondoka, nikamsikia nyuma anaongea na spana zake.

Usiku nikabuni yangu. Nilichukua kandambili, sitasema ni ya nani lakini shemeji alikaa siku mbili anaruka na mguu mmoja uani akitafuta ya kushoto. Ile soli ni kitu kizuri jamani, laini, haitelezi, inameza mitikisiko. Chini nikachonga mfereji ukae kwenye chuma cha usukani, juu nikachonga kitanda cha GPS na nafasi ya vitufe, nikaipitisha waya mwembamba wa kufungia nondo, nikasokota kwa koleo. Asubuhi nikaijaribu kwenye barabara ya maramu, yale mawimbi mnayajua, mashine ikazima tena! Safari hii ni betri zinaruka ndani zinaachana na vyuma vyake. Nikakata kipande cha ule mpira wa fundi nikakiweka chini ya kifuniko kizikandamize betri, ikapona. Nikajiona injinia kabisa.

Kitu kimoja sikukifikiria. Hizi baiskeli zetu nyeusi breki zake si za waya, ni za vyuma, kuna fimbo inapita chini ya usukani, ukikamata breki fimbo inapanda. Na mimi waya wangu nimeuzungusha usukani pamoja na fimbo.

Kwa nini sikugundua mapema? Kwa sababu mlima unapanda, nani anakamata breki akipanda. Nimemaliza visima 14 salama, naimba, nateremka kuelekea barabara kubwa ya Busia, chini pale pikapu imesimama inapakia magunia, na katikati ya njia mbuzi. Mbuzi watatu, wala hawana haraka. Nikakamata breki zote mbili kwa nguvu zangu zote, fimbo ikapanda, ikasukuma soli, soli ikajikunja ikajikunjua, na GPS ya watu ikaruka kama jiwe la manati. Niliiona ikipita juu ya mbuzi, njano dhidi ya mbingu, halafu mimi nikaingia kichakani.

Nilipotoka na miiba yangu pikapu imeondoka. Nikatafuta kwenye nyasi karibu saa nzima, watoto wananisaidia, yaani mashine inayosikia satelaiti zilizo kilomita 20,200 huko juu, mimi niko hapa chini siioni. Mwisho mtoto mmoja ambaye muda wote amekaa tu anakula muwa akasema, "Mjomba, si iliingia kwa gunia la mukene? Imeenda Busia."

Sasa ulikuwa unangoja nini!

Soko la Busia si dogo, na wauza mukene, yaani dagaa, wako wengi, lakini nilimpata mama mwenyewe kabla ya magharibi. GPS imekaa mbele ya rundo la dagaa, inawaka, imepakwa magamba, mtoto wake anaibonyezabonyeza kwa bidii. Nikaamkia kwa heshima nikaeleza shida yangu. Akasema, "Ni yako hii simu? Nimejaribu kupiga haishiki mtandao. Lakini imenisaidia, wateja wanadhani ni mizani, leo hakuna aliyebishana na kipimo changu." Hakutaka hela, alitaka ninunue mukene. Nikanunua vikopo vinne kwa bei ambayo siku nyingine ningebishana.

Nilirudi Tororo kesho yake na mashine mfukoni, inanuka, na kwa furaha ya kuipata nikaipeleka ofisini moja kwa moja bila kufungua kumbukumbu. Bosi akaiunganisha na kompyuta mimi nikiwa nimesimama pale. Akanyamaza muda mrefu.

"Kisima 001 mpaka 014 naviona. Hivi kuanzia 015 mpaka 037 viko ndani ya soko la Busia?"

Nikakumbuka kale katoto na bidii yake.

"Visima 23," akaendelea, "vyote kwenye eneo la meza moja. Na hapa kwenye mwendo wa juu kabisa inaandika kilomita 81 kwa saa. Si ulisema unaenda kwa baiskeli?"

"Ndiyo bosi."

"Kilomita 81?"

Nikamwambia kulikuwa na mteremko.